Damu Isigande

Binti yake Onyango alinipigia simu wiki iliyopita nikiwa nimeketi kwenye ngazi za jikoni nachambua mboga za managu. Hatujawahi kuonana, alizaliwa miaka baada ya mimi kufika kwao, lakini sauti yake ina ule utaratibu wa baba yake, wa kusema neno na kungoja kwanza aone kama limefika. Alisema mzee amefariki, kwamba watamzika kwao karibu na ziwa, na kwamba wanaandaa kijitabu cha maisha yake cha kugawa siku ya mazishi. Kila kipande kimepata mwandishi: shule, ndoa, kanisa, na lile duka la dawa za mifugo aliloliendesha hadi miguu ilipomkatalia. "Imebaki tu ule mwaka wa Eldoret, Auntie," akasema. "Mama anasema wewe ndiye mlikuwa pamoja. Baba hakuwa anaongea hiyo maneno hata kidogo. Andika tu sentensi mbili, zinatosha." Nikamwambia nitaandika. Nikamaliza mboga zangu, nikatafuta kalamu, na hadi leo hizo sentensi mbili hazijatoka. Zinazotoka ni kurasa hizi, na hizi sijui kamati gani ya mazishi ingekubali kuzichapisha.

Siku hizi kila mtu anajua neno PCR. Wakati wa korona niliwasikia hata akina mama wauza ndizi wakilitaja, huyu hana PCR, yule amechomwa PCR puani, nami nikawa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwishomwisho wa enzi ya chama kimoja, na sisi tuliolijua neno hilo Eldoret nzima tungeenea kwenye meza moja ya chai na viti vingebaki. Mashine yenyewe ililetwa na wafadhili wa mradi wetu wa ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaomvimbisha ng'ombe matezi na kumjaza maji mapafuni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma chenye matundu, kinachopashwa moto na kupozwa, moto tena na baridi tena, mchana kutwa. Unatia humo tone la ulichokikamua kutoka kwenye damu ya ng'ombe. Vijidudu vya ndigana vikiwemo, mashine inazidisha alama yao hadi ionekane kwa macho, mstari mmoja unaong'aa chini ya taa ya zambarau. Visipokuwemo, hakuna mstari. Tulivyoelezwa, mashine ile ilijua ndiyo na hapana tu, labda haikuwa katika msamiati wake.

Maabara ilikuwa nyumba ya zamani ya setla wa kizungu upande wa Elgon View, yenye dari za mbao na sakafu inayolia ukiikanyaga. Mashine ilikaa chumba cha kulia, juu ya meza kubwa ambayo setla aliiacha kwa kuwa haikupita mlangoni. Friza za damu zilikuwa stoo ya chakula, na bado ukifungua mlango wakati wa mvua ulisikia harufu ya nyama ya nguruwe ya watu waliokwisha kufa. Bafuni, dirisha likiwa limepakwa rangi nyeusi, ndimo tulimoisoma ile mistari. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba vya watumishi, vyenye ukuta mmoja kati yavyo. Kimoja kilikuwa cha Onyango na kingine changu. Mimi nilikuwa msichana wa Timboroa, nimetoka chuo juzi, na kwa kuwa kwetu ni baridi kuliko Eldoret, nilikuwa najifanya sioni baridi. Onyango alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Mkewe Akinyi na watoto walikuwa nyumbani kwao, na yeye alinilea kama dada mdogo aliyepewa bila kuomba. Aliniita nyar Timboroa, yaani binti wa Timboroa, na akiwa amekasirika, Wanjiru.

Tulipika kwa zamu kwenye jiko lake la mafuta ya taa. Zamu yake ilikuwa ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilimwambia siku moja tunaweza kuezekea nyumba. Zamu yangu ilikuwa viazi na minji, na yeye alivitazama kwa huruma na kusema, "Hiki ni chakula ama ni maandalizi ya chakula?" Lakini alipoingia maabara aliacha mzaha mlangoni pamoja na koti. Sijawahi kuona mkono kama ule. Lile bomba dogo la kuvutia matone, ambalo mimi nililishika nikibana pumzi, yeye alilishika kama mtu anayeshika kijiko chake mwenyewe. Daktari Wafula, mkuu wetu, mtu wa Bungoma aliyesomea ng'ambo, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu Onyango ana mkono wa kushona hariri." Nakumbuka vizuri kwamba yeye ndiye aliyesema hivyo.

Mambo yalianza kuharibika msimu wa mvua ya masika. Damu ilikuja kutoka kwa mascout wawili wa mifugo, wafugaji waliofunzwa kututolea ng'ombe damu, mmoja Timboroa na mwingine Moiben. Dereva wetu Kosgei aliileta kwenye masanduku ya barafu, tukaihifadhi kwenye friza, tukaipima kidogo kidogo. Basi damu ya ng'ombe yuleyule, kutoka chupa ileile, ikaanza kusema ndiyo leo na hapana kesho kutwa. Mwanzoni tulicheka. Tukasema umeme ulipotea, friza iliyeyuka, tukatupa kilichoyeyuka. Ikarudia. Tukabadilisha maji. Tukafua makoti, tukasugua meza, tukahamisha kazi ya kukamua damu hadi chumba cha kulala cha setla ili uchafu usipite kutoka huku kwenda huku. Ikarudia. Onyango akaunda upya dawa zote za maabara, akipima kila kitu mwenyewe, mimi nikisoma kwa sauti na yeye akiitikia, kama padri na waumini. Ikarudia. Nilianza kuamka nimechoka. Nilikuwa naingia lile bafu jeusi nikiomba Mungu anipe mstari, mstari wowote, hata wa uongo mradi ukae palepale siku mbili.

Kama wangekuwa ng'ombe wa mtu wa kawaida tungepewa muda. Lakini kati ya ng'ombe wa Moiben kulikuwa na fahali wa mwenyekiti wa chama wa kule, mnyama wa kizungu mwenye kifua kama kabati, ambaye majirani walilipia ndama wake kabla hawajazaliwa. Barua yetu ya kwanza ilisema fahali ni mgonjwa. Ya pili ikasema ni mzima. Ya tatu ikasema ni mgonjwa. Mwenyekiti akaja mwenyewe. Ofisi ya Daktari na chumba cha mashine vilitenganishwa na ukuta wa plaiwudi tu, kwa hivyo mimi na Onyango tulisikia yote tukiwa tumeshika kazi mikononi.

"Daktari, mimi sio mtu ya mchezo. Fahali yangu ni mgonjwa, si mgonjwa, ni mgonjwa. Watu wananicheka kwa baraza."

"Mheshimiwa, hii ni technology mpya. Tunaangalia mahali shida iko."

"Nani anapima?"

"Wako wawili. Miss Wanjiru na Bwana Onyango."

"Huyo wa pili ametoka wapi?"

Daktari akataja. Kiti kikalia, mtu mzito akiinuka.

"Mimi sisemi kitu. Lakini wewe ni msomi, unajua siku hizi kuna watu wanaingizwa kila mahali kuharibu kazi ya serikali. Lisemwalo lipo, Daktari." Hiyo nusu nyingine ya methali aliiacha tuimalizie wenyewe.

Onyango alikuwa anaweka matone kwenye vichupa. Hakusimama hadi akamaliza safu. "Nimesikia majina yetu yakitajwa," akasema. Nikamwambia hata langu limetajwa, tuko wawili. "Lako limetajwa," akasema. "Langu limeulizwa limetoka wapi." Kwa mtu ambaye hakuishi miaka ile, huenda hilo likaonekana jambo dogo. Sisi tulijua watu walioitwa kwenda kuulizwa maswali mawili wakarudi baada ya miezi, wamekonda, hawataki kukaa karibu na dirisha, na hawasimulii kitu. Neno hujuma lilikuwa kama kupe, lilidondoka kutoka popote na ukilihisi limeshauma.

Kuanzia hapo alianza kujichunguza. Nilimkuta siku moja saa ya chai ameweka karatasi juu ya mizani ndogo, anadondosha matone ya maji, tone baada ya tone, anasoma uzito. Yalikuwa sawa yote. Nikamwambia, unaona? Akasema huenda mizani ndiyo mbovu. Akanyoosha mikono mbele ya dirisha akaitazama kama mali ya mtu mwingine aliyoachiwa aitunze. Chakula kikawa kinabaki kwenye sahani. Zamu yake ya kupika ikifika, alikuwa anasimama juu ya sufuria na unga mkononi, anauliza, "Hii maji imetosha?" mtu ambaye hakuwahi kupima maji ya ugali tangu azaliwe. Kupitia ule ukuta nilimsikia akitembea chumbani. Niliomba, nilikasirika, nilimlaumu Mungu na shirika la umeme, na nikawa napiga masanduku ya barafu mateke nikidhani sionekani.

Wafadhili wakaandika kwamba wanakuja kukagua. Daktari akaamua kufanya jaribio la kumaliza ubishi. Dawa ya thamani ya ile mashine ilikuwa karibu kwisha, na mzigo mwingine ulikuwa umekwama bandarini. Akatoa masanduku mawili kwenye friza, akanipa mimi moja na Onyango moja, kila mtu apime peke yake, siku moja, dawa moja, mashine moja. Majibu yangu yalitoka vizuri ajabu. Mahali pa mstari palikuwa na mstari, na niliporudia yalikaa vilevile. Ya Onyango yalikuwa giza tupu, mstari mmoja hapa, kivuli kule, na aliporudia hata ule mmoja ukahama. Tulisimama watatu katika lile bafu, bega kwa bega, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima taa. Nilimwambia Daktari tubadilishane masanduku, nipime la Onyango naye apime langu, ndipo tutajua. Akasema dawa iliyobaki ni ya kuwaonyesha wafadhili, haitoshi michezo. "Wanjiru, wewe umeona kwa macho yako," akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka ambaye amepewa mahali pa kutua mzigo.

Karatasi aliiandika Daktari mwenyewe. Ilisema kwamba Onyango, kwa uzembe, alichanganya damu za ng'ombe wakati wa kupima. Akisaini, ataondoka kwa amani, mwenyekiti ataridhika, na wafadhili watajua shida ilikuwa mtu na si mradi. Asiposaini, neno litapelekwa kwa watu wa usalama, na likifika huko hakuna wa kulirudisha. Niliisoma juu ya ile meza ya setla nikamwambia Onyango asisaini, kwamba nitasimama naye, kwamba mnyonge hana haki lakini ana mdomo. Maneno ya msichana wa chuo. Akanisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akachukua kalamu. Aliondoka asubuhi na blanketi na sanduku la mbao, akaniachia jiko na sufuria. Mlangoni aliniambia, "Nyar Timboroa, kula kitu kingine zaidi ya viazi." Nikabaki na jiko lake nikashindwa kuliwasha kwa siku kadhaa, nikawa nakula mkate mkavu na kulia.

Na kwa sababu nilikuwa nalia hasa kwa hasira, nikafanya nilichokatazwa. Nilichukua dawa ya wafadhili, nikatoa lile sanduku la Onyango, nikalipima kwa mkono wangu, hatua kwa hatua. Nikaingia bafuni, nikawasha taa. Giza tupu, kivuli hapa, mstari kule. Nikarudia, ule mstari ukahama. Ilikuwa picha yake kabisa, imetoka mkononi mwangu. Nilikaa sakafuni nikiwa na furaha ya ajabu na uchungu ambao sijui niulinganishe na nini, kwa kuwa mtu wa kuambiwa alikuwa ameshaondoka. Nikatazama alama za masanduku. Lile nililopewa mimi lilitoka Timboroa lote. La Onyango lilitoka Moiben lote.

Daktari hakunigombeza juu ya dawa. Aliishika picha niliyoipiga ya ile mistari karibu na uso, akauweka mkono kwenye paji. "Kwa hivyo ni damu," akasema.

"Ni damu, Daktari. Ya Moiben."

"Lakini damu ya Moiben ilikuja safi. Hakuna hata chupa moja ilikuja na donge."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililotupofusha. Lazima nieleze kidogo. Damu ikiachwa yenyewe huganda, na damu iliyoganda haikutufaa kwa kazi hii. Kwa hivyo Onyango alikuwa akitia unga maalumu wa kuizuia katika vichupa kabla havijapelekwa kwa mascout. Vichupa vingine vilikwenda bila unga, kwa kazi nyingine ambayo ilihitaji damu igande. Vyote vilikuwa vya aina moja, na unga ukishakutana na damu hauonekani. Mvua zilipoanza, unga ulikwisha maabara, nao ulikuwa sehemu ya ule mzigo wa bandarini. Daktari alisema mascout bado wana akiba ya vichupa vyenye unga. Damu iliendelea kuja ikiwa nyororo, na sisi tukaamini macho yetu.

Akanituma Moiben na Kosgei. Scout wetu wa kule aliitwa Mzee Sitienei, mtu mrefu wa sauti ya chini, anayeheshimika hata na ng'ombe. Tulimkuta ana shughuli. Binti yake alikuwa amejifungua, na kwao mzazi hupewa maziwa yaliyochanganywa na damu ili nguvu zirudi, kwa hivyo alikuwa amemfunga dume kamba shingoni, mshipa umejaa. Alituambia tukae, tutakunywa chai akimaliza. Akapiga mshale mdogo, damu ikaruka kwenye sufuria, akafungua kamba na kupaka samadi kwenye kidonda, na dume akaondoka kwenda kula nyasi kana kwamba ameombwa saa tu. Kisha Mzee akachukua kijiti kilichochongwa, akaanza kuikoroga ile damu taratibu, akizungumza na Kosgei habari za barabara. Kwetu Timboroa nimekula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, tangu nikiwa mdogo, damu si kitu kigeni kwangu, lakini hilo sikuwahi kuliona. Nyuzi zilianza kujisokota kwenye kijiti, nyeupe na nyekundu, kama uzi wa sufu uliolowa. Akazivuta kwa vidole, akamtupia mbwa. Akakoroga tena.

"Mzee," nikasema, "hiyo unakoroga ya nini?"

Akanitazama kwa upole, akaona ni mtoto wa mahindi na viazi. "Isigande," akasema.

Nikamuuliza, kwa sauti niliyoilazimisha itulie, na ile ya chupa zetu je?

"Hata hiyo. Zile chupa za unga ziliisha, nikaambia huyu Kosgei aulize Daktari. Akaniletea jibu: tumia zilizopo, mradi damu isigande. Si nikatumia zilizopo." Akainua kijiti kikiwa kinadondosha. "Nilikuwa nakoroga kila moja kwa kikombe chake, naosha, ndio nachukua ingine. Sikuchanganya ng'ombe na ng'ombe."

Kosgei akasema, "Mimi nilileta hiyo maneno vile niliambiwa," na alikuwa anasema kweli. Daktari, akiwa anapita koridoni na mafaili mkononi, alikuwa amemjibu hivyo, naye alimaanisha zilizopo zenye unga. Maneno yalifika Moiben mazima. Mahali penyewe palikuwa na njia yake ya kuzuia damu isigande, nzee kuliko unga wowote, na Mzee Sitienei aliitekeleza bila dosari. Lakini vijidudu vya ndigana hujificha sana ndani ya chembe nyeupe za damu, na chembe nyeupe ndizo zinazonaswa na zile nyuzi. Akikoroga sana, nyingi zimekwenda. Akikoroga kidogo, zimebaki chache, na tone moja linaweza kuwa nazo na jingine lisiwe nazo. Miezi yote ile tulikuwa tukiuliza swali kwenye damu iliyochujwa, na jibu lilikuwa limeliwa na mbwa.

Tulikunywa chai. Sikumwambia kitu, kwa kuwa nilikuwa sijui naanzia wapi. Daktari nilimwambia, naye akakaa muda mrefu akirudia neno moja, "zilizopo, zilizopo," kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. Nisimseme vibaya kuliko alivyostahili. Aliwaandikia wafadhili ukweli, akaandika pia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akajibu kwamba amefurahi kusikia fahali atapimwa upya, na kuhusu yule mtu, asionekane tena katika wilaya. Daktari akaniambia niende nimweleze Onyango, na kwamba atamtafutia nafasi kituo kingine, mbali.

Nilimkuta kwao akichimba mashimo ya nguzo za banda la kuku. Akinyi alinikaribisha kwa samaki na kunong'ona. Alisema mtoto mdogo alikuwa na homa juzi, kukawa na dawa ya kijiko, na Onyango alikataa kuipima. "Alinipa mimi chupa," akasema. "Anasema mkono yake haiaminiki. Wanjiru, hawa watu walimfanyia nini?" Tukala. Kisha nikamweleza Onyango yote, picha, sanduku la Moiben, kijiti, mbwa. Nilitarajia atacheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye. Aliuliza maswali ya kazi, je, nilirudia, je, nilitumia dawa gani, nikamjibu.

"Basi unaona," nikamwambia. "Walikulazimisha kusaini uongo."

"Hapana," akasema. "Hiyo ndio haujui. Mimi sikusaini juu ya kuogopa. Nilisaini kwa sababu niliamini. Nilikaa nikafikiri, nikaona kweli ni mimi." Akatazama shimo alilolichimba. "Sasa umeniambia si mimi, na nimesikia. Lakini nikishika kitu bado naona ni mimi."

Hiyo nafasi ya kituo kingine hakuitaka. Kwenye simu ile ya wiki iliyopita binti yake alinichekesha, au alitaka kunichekesha, akaniambia kwamba dukani mama ndiye aliyepima dawa za wateja miaka yote. Baba alikaa kwenye kiti akisikiliza redio na kuulizia watu hali za mbuzi wao. Anadhani ulikuwa uvivu. Hilo la mikono yake ni jambo la kuandika katika sentensi mbili, na ndilo linalonishinda.

Siku ile kwao, nilipokuwa naaga, alinisindikiza hadi kwenye ua wa miti ya ojuok unaozunguka boma. Akaniuliza, "Na huyo mzee wa Moiben, mmemwambia?"

"Bado."

"Msimwambie."

Nikamuuliza kwa nini, wakati yeye ndiye aliyebeba mzigo wa mzee huyo. Nilisema kwa ukali kidogo, maana nilitaka mtu mmoja duniani ajue.

"Yeye alifanya vile aliagizwa," Onyango akasema. "Mkimwambia, kila siku akishika ng'ombe atakuwa anajiuliza. Peleka chupa, mwambie unga umefika. Basi."

Mzigo ulipotoka bandarini nilitia unga mwenyewe kwenye vichupa, nikavipeleka Moiben. Nikamwambia Mzee Sitienei kwamba sasa hana haja ya kukoroga, unga umerudi, kazi itakuwa rahisi. Alikichukua kichupa kimoja akakiinua kwenye mwanga, akaangalia ule unga chini.

"Kwani ile yangu ilikuwa na shida?"

"Hapana, Mzee," nikasema. "Haikuganda hata moja."

"Nilijua," akasema, akaenda kumshika ng'ombe.